Jarida Lenye 0.75 Limefeli? Jinsi ya Kuzisoma Namba za "Athari" za Majarida ya Kitaaluma

Mtoto wa Kampala akirudi nyumbani na agrigeti 4 ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, kuku anachinjwa. Nne ndiyo alama bora kuliko zote: masomo manne, na kila somo amepata 1. Sasa mpigie simu mjomba aliyesomea Nairobi enzi za KCPE, mtihani kama huo wa Kenya, umwambie mtoto kapata 4. Atakupa pole, maana kwao mtihani ulihesabiwa kati ya alama 500. Namba ni ileile. Mjomba hajui tu kipimo chetu kinaanzia wapi na kinaishia wapi.

Nimekumbuka agrigeti kwa sababu ya ubishi uliozuka kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo. Binamu yangu anafundisha jiografia katika chuo kikuu kimoja hapa nchini, na mwaka huu aliomba kupandishwa cheo. Mjumbe mmoja wa kamati akamuuliza kwa nini makala zake tatu kazipeleka kwenye jarida la kanda ambalo "impakti fakta" yake ni 0.75. Binamu akayaleta machungu yake kwenye kundi. Shangazi, ambaye hapitwi na jambo, akawa wa kwanza kujibu: "Sufuri nukta saba tano? Kati ya ngapi?" Mmoja akasema kati ya kumi. Mwingine akasema kati ya mia, akaweka na kikatuni cha machozi. Hakuna aliyejua, na nashuku hata yule mjumbe wa kamati hakujua vizuri.

Ukoo wetu hauko peke yake. Kila orodha za ubora wa vyuo vikuu duniani zinapotoka, redio za Kampala hujaa mabishano ya kwa nini Makerere imepanda au imeshuka, na katikati ya mabishano hayo kuna neno linalopigwa danadana bila mtu kulieleza: athari ya utafiti. Nitajaribu kulieleza kwa kutumia jarida la aina ambayo binamu yangu huandikia, yaani jarida la jiografia la kanda, kwa sababu ni hapo vipimo hivi vinapoonyesha vizuri uwezo wao na upofu wao.

Maneno matatu kabla ya hesabu

Jarida la kitaaluma ni chapisho linalotoka mara kadhaa kwa mwaka, ambamo watafiti huelezana matokeo ya kazi zao. Kabla ya kuchapishwa, makala husomwa na wataalamu wengine wawili au watatu, kwa kawaida bila malipo, nao humwambia mhariri kama inafaa, irekebishwe au irudishwe kwa mwenyewe. La kanda ni lile ambalo macho yake yako kwenye eneo fulani. Uganda tunayo historia ndefu ya haya. Uganda Journal lilianza kutoka mwaka 1934. East African Geographical Review lilizaliwa Makerere mwaka 1963, Uhuru ukiwa bado mchanga. Hilo la pili lina kisa chake, nitakirudia.

Neno la pili ni rejeleo. Mwandishi wa kitaaluma akitumia ramani, takwimu au hoja ya mwenzake, humtaja, kisha huorodhesha chapisho lake mwishoni mwa makala. Fikiria mtu aliyepotea pale Wandegeya. Anauliza njia, anaelekezwa, anafika, na akifika anamtaja aliyemwelekeza. Kutajwa huko ndiko kurejelewa, na ndicho kitu kinachohesabiwa. Lakini tuuweke mfano huu akilini, kwa sababu mjini kuna watu wengi sana wanaoelekezwa njia na kufika salama bila kumtaja mtu.

Neno la tatu, athari, ndilo lenye mtego. Kwa Kiswahili cha kawaida, ukisema utafiti una athari, mtu anaelewa kwamba umebadilisha kitu: kijiji kimehamishwa kutoka kwenye mteremko hatari, daraja limejengwa mahali panapofaa, mwalimu amebadilisha anachofundisha. Katika vipimo vya majarida, athari kwa kawaida ina maana nyembamba zaidi: makala za jarida hili zimetajwa mara ngapi na makala nyingine. Waingereza walipotathmini vyuo vikuu vyao mwaka 2014, waliitenga athari ya nje ya chuo ikasimama peke yake, wakaipa asilimia 20 ya alama zote. Walijua kwamba kutajwa na wenzako ni jambo moja na kuyagusa maisha ya watu ni jambo jingine. Sisi huku tumeazima neno, tofauti yake tukaiacha uwanja wa ndege.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano

Chukua jarida la mfano, la kubuni. Linatoka mara mbili kwa mwaka, kila toleo likiwa na makala sita. Kwa hiyo mwaka 2022 na 2023 kwa pamoja lilichapisha makala 24. Sasa tunatazama mwaka 2024: katika majarida yote yanayohesabiwa, makala hizo 24 zilirejelewa mara ngapi? Tuseme mara 18. Gawa 18 kwa 24, unapata 0.75. Hiyo ndiyo impakti fakta ya jarida kwa mwaka 2024.

Kwa hiyo jibu la shangazi ni hili: si kati ya kitu chochote. Kipimo hakina kilele. Ni wastani tu, kwamba kila makala ya miaka miwili iliyopita ilitajwa robo tatu ya mara moja.

Wastani nao tunaujua tabia zake. Akipanda tajiri mmoja kwenye taksi ya abiria 14, kwa wastani kila abiria ni milionea, ingawa wengine wote wanahesabu sarafu za nauli. Katika jarida letu la mfano, ile 18 ingeweza kupatikana hivi: makala moja kuhusu mafuriko imerejelewa mara 10, nyingine mara 3, tano zikarejelewa mara moja moja, na 17 zilizobaki hazikuguswa. Iondoe ile ya mafuriko na jarida linashuka hadi kama 0.35. Makala moja tu imebeba zaidi ya nusu ya sifa ya jarida zima. Ndiyo maana si haki kuchukua namba ya jarida na kumbandika mwandishi mmoja mmoja. Yule aliyeandika makala iliyotajwa mara kumi na yule ambaye hakutajwa kabisa wote wanaitwa "0.75".

Na ndiyo maana pia namba za majarida madogo huyumbayumba. Jarida linalochapisha makala elfu moja kwa mwaka halitikiswi na makala moja. La makala kumi na mbili hutikisika kama boda boda kwenye mashimo ya Bwaise.

Ilikuwa ya wakutubi

Hesabu hii ilibuniwa Marekani na Eugene Garfield na mwenzake Irving Sher, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Garfield alikuwa anatengeneza faharasa kubwa ya marejeleo ya sayansi, iliyotoka mwaka 1964, na alihitaji njia ya kuamua ni majarida gani ayaingize. Baadaye wakutubi waliipenda: mwenye bajeti ndogo na rafu chache angejua alipie jarida lipi. Ilikuwa kwa kazi ya kuchagua majarida. Kumpima mhadhiri wa Mbarara au wa Gulu kama anastahili cheo halikuwa wazo la mwanzo, na Garfield mwenyewe alionya mara nyingi kuhusu matumizi mabaya ya namba yake kabla ya kufariki mwaka 2017.

Leo hesabu hiyo ni mali ya kampuni ya Clarivate, ambayo hutangaza namba mpya kila mwaka. Hadi majuzi zilitangazwa kwa desimali tatu, kana kwamba mtu anapima dhahabu. Mwaka 2023 zikapunguzwa hadi desimali moja, na mwaka huohuo majarida mengi madogo na ya kanda yaliyokuwa kwenye faharasa yao ya pembeni yakapewa impakti fakta kwa mara ya kwanza. Jarida letu la mfano, kwa mtindo wa sasa, lingesomeka 0.8.

Mbona ya wenzetu ni 50?

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mtu anasoma kwamba jarida la Nature lina impakti fakta ya karibu 50, na jarida moja la saratani la Marekani liliwahi kupita 200, kisha anatazama 0.75 ya jiografia na kuinamisha kichwa.

Watafiti wa saratani ni wengi sana, huandika makala fupi fupi, wakiwa timu za watu ishirini, kila makala na orodha ndefu ya marejeleo ya vitu vilivyotoka mwaka jana. Mwanajiografia anayechunguza mmomonyoko wa udongo Kigezi hufanya kazi na watu wawili watatu, hungoja misimu kadhaa ya mvua, na anaporejelea wenzake hurudi nyuma miaka ishirini, thelathini. Kulinganisha namba za fani hizi mbili ni kulinganisha magoli ya mpira wa miguu na vikapu vya mpira wa kikapu. Timu ya mpira wa miguu iliyofunga tatu imefanya makubwa, ila ya kikapu yenye tatu imeaibika.

Kisha kuna suala la dirisha la miaka miwili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kosa kubwa zaidi kwa jiografia. Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria pale Jinja yalifika mita 13.42 kwenye kipimo, yakiupita kidogo ule mwinuko mkubwa uliorekodiwa mwaka 1964. Mtu aliyetaka kueleza kwa nini magati na nyumba za wavuvi zimezama hakuwa na budi kurudi kwenye maandishi ya miaka ya 1960, kwa sababu hapo ndipo jambo kama hilo lilipoonekana mara ya mwisho. Maandishi yale yalikuwa na kazi baada ya miaka zaidi ya hamsini. Kwenye impakti fakta, kazi hiyo inahesabiwa sufuri.

Mfano mkubwa kuliko wote uko kando ya barabara ya Entebbe. Mwaka 1947, katika msitu wa Zika, watafiti wa homa ya manjano walikuwa wamemweka tumbili kwenye jukwaa mtini ili aumwe na mbu. Tumbili akapandisha joto, na katika damu yake kikapatikana kirusi kisichojulikana. Makala ya kukieleza ilitoka mwaka 1952 katika jarida la tiba ya nchi za joto la London. Baada ya hapo, kwa miongo kadhaa, ni wachache sana walioigusa. Mwaka 2015 Zika ikalipuka Brazil, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo, na tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Ghafla kila aliyeandika kuhusu Zika akawa anairejelea makala ya 1952. Kwa mizani ya miaka miwili, makala hiyo iliisha kazi yake mwaka 1954.

Anayehesabu amesimama wapi?

Rejeleo haliwezi kuhesabiwa kama hakuna anayeliona. Wahesabuji wakubwa ni watatu. Web of Science ya Clarivate huchagua majarida machache kwa masharti makali. Scopus ya kampuni ya Elsevier, iliyoanza mwaka 2004, ina wavu mpana kidogo, na orodha maarufu ya vyuo vikuu ya Times Higher Education huchota takwimu zake za marejeleo humo. Google Scholar, nayo ya 2004, huokota karibu kila kitu inachokikuta kwenye intaneti, zikiwemo tasnifu na ripoti, na wakati mwingine huokota na takataka. Makala ileile ya binamu yangu inaweza kuwa na marejeleo mawili kwa mhesabuji wa kwanza, matano kwa wa pili na kumi na sita kwa wa tatu. Hakuna anayedanganya, ni kwamba kila mmoja kasimama kona yake.

Ukitaka kujua watu wangapi wanakula rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, Kampala, ukasimama mlangoni mwa hoteli kubwa ya Nakasero na daftari lako, utarudi na namba sahihi kabisa, isiyo na kosa hata moja, na haitakuambia chochote kuhusu rolex. Walaji wako kwenye vibanda vya Kalerwe.

Walaji wa jarida la jiografia la kanda ni akina nani? Ni mwanafunzi anayeandika tasnifu ya shahada ya pili, ambayo hubaki rafuni mwa maktaba. Ni ofisa maliasili wa wilaya anayeandaa mpango wa matumizi ya ardhi. Ni mshauri anayeandikia NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ripoti ya athari kwa mazingira kabla ya kiwanda kujengwa karibu na kinamasi. Ni mwalimu wa kidato cha tano (S.5) anayetafuta mfano wa maporomoko ambao wanafunzi wake wanaweza kwenda kuuona. Hawa ndio wale wa Wandegeya, walioelekezwa njia wakafika bila kumtaja mtu, au waliomtaja mahali ambapo mhesabuji hapiti.

Lugha nayo ina mchango wake. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na tunawahimiza wasomi wetu wakiandikie. Sawa. Lakini mashine hizi zimezoea Kiingereza, na msomi anayeandika kwa Kiswahili kuhusu Mto Kagera anajua fika kwamba kwenye faili lake la cheo makala hiyo itakuwa nyepesi kama karatasi tupu. Kumwambia "andika Kiswahili" huku tunampima kwa Scopus ni kumtuma mtu sokoni bila pesa.

Sasa kile kisa cha East African Geographical Review. Jarida lililoanzia Makerere baadaye lilibadili jina likawa African Geographical Review, likawa chini ya wanajiografia wa Marekani wanaoshughulikia Afrika, na sasa linachapishwa na kampuni ya Uingereza ya Taylor & Francis. Kuna waliosikitika, na kuna waliosema afadhali liishi ugenini kuliko kufia nyumbani. Mimi nina mguu huku na mguu kule. Kinachohusu mada yetu ni kwamba jina likibadilika, mara nyingi mashine za kuhesabu huliona jarida kama mtoto mchanga: marejeleo ya jina la zamani yanabaki kaburini na jina jipya linaanza na moja. Jarida la kanda likikosa kutoka kwa wakati, likibadili jina, au waandishi wakilitaja kwa vifupisho vitatu tofauti, marejeleo yake hupotea hivihivi, kama hela kwenye mfuko uliotoboka.

Ng'ombe wa Mbarara na barua ya LC1

Kwa kuwa impakti fakta ina kasoro, watu wamebuni vipimo vingine. Viwili vinatosha kwa leo.

Kielezo cha h kilibuniwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa California. Kielewe hivi: una zizi Mbarara, unawapanga ng'ombe kuanzia anayetoa maziwa mengi. Ukiwa na ng'ombe watano ambao kila mmoja anatoa angalau lita tano, lakini huna sita wa lita sita, kielezo chako ni 5. Badala ya lita weka marejeleo, badala ya ng'ombe weka makala. Uzuri wake ni kwamba hakidanganywi na ng'ombe mmoja wa maajabu: mwenye mmoja wa lita ishirini, na wengine tisa wa lita moja moja, anapata 1. Ubaya wake ni kwamba mwenye zizi dogo hawezi kupata kubwa, hata ng'ombe wake wawe bora vipi. Jarida la makala 12 kwa mwaka litashindwa na la makala 300 kabla ya mbio kuanza.

Kipimo cha pili ni cha SCImago, kinachotumia takwimu za Scopus. Hiki hakihesabu marejeleo yote sawa. Barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ina uzito ambao barua ya jirani yako haina, na rejeleo kutoka jarida linaloheshimika nalo lina uzito kuliko la jarida lisilojulikana. Wazo ni zuri, ila nalo lina ukabaila wake: heshima inazunguka kwa walio nayo.

Yanayosemwa vijiweni

"Jarida lisilo kwenye Scopus ni feki." Hapana. Kuna majarida ya kweli, yenye wahakiki wakali, yaliyokosa tu mtu wa kujaza fomu, tovuti inayofanya kazi, au fedha za kutoa matoleo kwa wakati. Mengi unaweza kuyasoma kwenye African Journals Online, jukwaa lenye makao Afrika Kusini ambalo limekuwepo tangu 1998.

"Basi vipimo vyote ni ukoloni, tuvitupe." Hili nalikataa pia, na binamu yangu tumelibishania. Kuna majarida ya kanda ambayo hayatajwi kwa sababu hayastahili kutajwa: mhariri anachapisha wanafunzi wake, wahakiki ni majirani wa ofisini, na toleo la mwaka juzi linatoka mwaka kesho. Sufuri hapo ni sufuri. Kipimo kibovu hakimgeuzi kila aliyeshindwa kuwa shujaa.

"Namba ikiwa kwenye tovuti ya jarida, ni halali." Hapa naomba uwe mwangalifu sana. Kuna kampuni zinazouza namba za athari za kubuni kwa majarida laghai, yale yanayokutumia barua pepe usiku wa manane, "Mheshimiwa Profesa Mtukufu", wakati wewe bado unaandika shahada ya pili, na kuahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa dola. Kulipa peke yake si ushahidi wa ulaghai, maana majarida mengi halali yanayosomwa bure hutoza waandishi. Dalili ni haraka isiyo na uhakiki, pamoja na namba ambayo huwezi kuikuta kwa Clarivate wala Scopus.

Na hata walio ndani huchezea. Mwaka 2013 majarida manne ya Brazil yaliondolewa kwenye orodha ya impakti fakta baada ya kugundulika kwamba yalikuwa yakirejeleana kwa mpango. Sisi tunaielewa haraka hiyo, ni nigiina tu, mchezo wa kuchangiana kwa zamu: leo nakuchangia, kesho unanichangia, mwisho wa mwaka wote tunaonekana matajiri.

Basi kamati iulize nini?

Watu wa fani yenyewe wameshachoka. Tamko lililoandaliwa San Francisco mwishoni mwa 2012 liliwaomba waajiri na wafadhili waache kutumia impakti fakta kumpima mtu. Mwaka 2015 kikundi cha wataalamu wa vipimo hivyohivyo kilitoa kanuni kumi zinazojulikana kama Ilani ya Leiden, na mojawapo inataka utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe usipotezwe na hesabu za kimataifa.

Kwa jarida la jiografia la kanda, ningeanza na maswali ya kawaida kabisa. Linatoka kwa wakati? Waandishi wake wanatoka wapi, au wote ni wa idara moja? Makala ngapi hukataliwa? Zinapakuliwa na watu wa nchi gani? Marejeleo yake ya miaka kumi yakoje, siyo miwili? Kisha ningelilinganisha na majarida ya jiografia ya ukubwa wake, siyo na Nature. Na ningeomba lionyeshe karatasi: mpango wa wilaya, ripoti ya NEMA, mtaala, hukumu ya mahakama, popote palipotumia ramani iliyochapishwa humo.

Hilo la mwisho si kujipendekeza kwa wanasiasa. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka Nametsi, Bududa, ukafukia watu waliokuwa sokoni na kwenye kituo cha afya, na zaidi ya watu 300 wakahofiwa kufa. Maporomoko ya miteremko hiyo ya Elgon yalikuwa yameshaandikwa katika jarida kubwa la kimataifa mwaka 2006, makala nzuri, iliyorejelewa sana hadi leo. Ukiipima kwa marejeleo, ilifaulu. Umbali kutoka rafu ya jarida lile hadi kwenye mlango wa mtu wa Nametsi hakuna mashine inayoupima, na huo ndio umbali ambao jarida la kanda lipo kwa ajili ya kuufupisha.

Binamu yangu amerudisha faili lake wiki iliyopita. Safari hii ameambatanisha nakala ya mpango wa wilaya moja ya mashariki, ukurasa wenye ramani yake, ambayo waliichukua bila hata kuandika jina lake chini. Ameizungushia ramani hiyo duara kwa kalamu nyekundu. Kwenye kundi shangazi ameuliza kama hilo linaongeza ngapi juu ya 0.75.